Picha ya Timu Kabla ya Giza: Mambo ya Pesa Yaishe Mchana

Kila mashindano ya vijana yakifika mwisho, simu zetu hujaa picha za timu. Angalia zile zilizopigwa jioni. Nyingi zina shida moja: jezi zinaonekana, kombe linaonekana, lakini nyuso za watoto ni giza tupu. Na nyuma ya picha kama hiyo mara nyingi kuna shida nyingine isiyoonekana. Mpiga picha hajamaliziwa pesa yake, mweka hazina anaulizwa maswali, na kuna mzazi aliyetuma pesa ambaye mpaka leo hajapata nakala.

Kazi yetu ni malipo, si kamera. Lakini shida hizi mbili zinatoka mahali pamoja. Mechi inaisha, mwanga umebaki kidogo, halafu ndio watu wanaanza kuulizana: "Nani ametuma? Till ni gani? Network iko?" Kufika wakati orodha imekamilika, jua limeshazama. Kwa hivyo ushauri wetu kwa kocha, mzazi na mpiga picha wa Isiolo ni mmoja: pesa ishughulikiwe mchana, jioni ibaki ya picha peke yake.

Jua la Isiolo halingoji mtu

Mji wa Isiolo uko takriban kilomita 40 tu kaskazini ya ikweta. Mwaka mzima jua linatua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi jioni. Mapema Novemba ndio linawahi zaidi, na katikati ya Februari ndio linachelewa zaidi. Tofauti ni kama nusu saa, lakini kwa mtu anayepanga picha, nusu saa ni kubwa. Ratiba iliyofanya kazi Februari inaweza kukuangusha Novemba.

Kitu kingine ni kwamba karibu na ikweta jua linashuka moja kwa moja, halitambai pembeni. Likishatua, mwanga wa kutosha kuona vizuri unabaki kwa dakika kama 20 hivi. Kule London mwezi wa Juni, mwanga kama huo hukaa zaidi ya dakika 40. Kwa hivyo video za mafunzo ya picha kutoka Ulaya zikikwambia mwanga mzuri wa jioni ni mrefu, jua kwamba hawazungumzii uwanja wako.

Halafu kuna adhana. Jua linapotua ndio wakati wa maghribi, na kwa familia nyingi za Isiolo hapo mchezo umekwisha. Watoto wanaenda kuswali, na wasichana wanatarajiwa nyumbani kabla ya giza. Mwezi wa Ramadhani ndio usiseme, kila mtu anawahi futari. Kocha anayeheshimu wazazi atapanga picha iwe imeisha kabla ya adhana.

Hesabu nyuma basi. Tuseme wiki hiyo jua linatua saa kumi na mbili na nusu. Picha ianze saa kumi na mbili kamili, mechi iwe imeisha kabla ya hapo kwa robo saa, watoto wanawe uso na kupanga jezi. Kama mechi inaweza kuchelewa, pigeni picha ya timu kabla ya filimbi ya kwanza, na ile ya kombe iwe ya ziada.

Pesa ikusanywe wapi, na lini?

Anzeni siku tano au saba kabla. Wazazi wengine wako fora na mifugo, au wako upande wa Merti na Garbatulla, na network wanaipata wakifika senta au siku ya soko. Ukitangaza leo jioni kwamba pesa inatakiwa kesho, umewafungia nje wale ambao hawajaona hata meseji yako.

Chagueni namba moja tu ya kupokea. Timu nyingi hutumia laini ya kocha au ya mama mmoja anayeaminika. Si vibaya, lakini muulizeni kwanza swali moja: laini hiyo ina deni? Kama mwenye laini ametumia Fuliza na hajalipa, pesa yoyote inayoingia inakatwa kwanza kulipa deni hilo. Wazazi watatuma, meseji zitaingia, halafu siku ya kumlipa mpiga picha salio halipo. Mweka hazina hajaiba, lakini ni nani atamwamini? Laini isiyo na deni, au till ya timu, inawaokoa na aibu hiyo.

Kila malipo yawe na alama. Jina linalotokea kwenye meseji si lazima liwe la mzazi, kwa sababu pengine jirani ndiye aliyemtumia. Tumieni namba ya jezi. Kwenye Paybill, namba ya jezi iandikwe pale kwenye namba ya akaunti. Kwenye till au laini ya kawaida sehemu hiyo haipo, kwa hivyo mzazi akishalipa amwandikie mweka hazina meseji fupi: "Jezi 7 nimelipa." Mweka hazina aandike kwenye daftari siku hiyo hiyo, pamoja na kodi ya muamala.

Mlipe mpiga picha kwa awamu mbili. Tuseme nakala moja ni shilingi 150 na wazazi 16 wameagiza. Jumla ni shilingi 2,400. Mpeni 1,000 asubuhi ya mechi ili apate nauli na pesa ya karatasi, halafu 1,400 akileta picha na mmehesabu nakala zote. Hivyo yeye haprinti kwa deni, na nyinyi hamlipi kitu ambacho hamjakiona.

Meseji ya mwenzako si risiti yako

Hata ukipanga vipi, atatokea mzazi wa kulipa palepale uwanjani. Hapo ndipo matapeli wanapopenda, kwa sababu kuna giza, kelele na haraka. Mtu anakuonyesha skrini: "Cheki, nimetuma." Meseji ya kubuni ni rahisi kutengeneza, na kwenye simu ya mtu mwingine huwezi kuijua.

Wewe mpokeaji, angalia simu yako mwenyewe. Meseji imeingia? Imetoka kwa jina rasmi la huduma, au kwa namba ya kawaida ya mtu? Salio limeongezeka? Kama jibu ni hapana, bado hujalipwa, hata mtu akiapa. Mwambie kwa heshima, "Tusubiri kidogo network," na umwandike kwamba bado.

Na wewe mzazi, kabla ya kukamilisha muamala soma jina linalotokea. Kama unatarajia jina la mweka hazina na linakuja jina usilolijua, simama. Ukikosea namba, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja kupitia namba rasmi. Na mtu akikupigia kusema, "Nimekutumia kimakosa, nirudishie," usimtumie pesa mkononi. Mwelekeze aombe kurudishiwa kupitia kampuni. PIN nayo haitajwi kwa mtu yeyote, hata kama anasema anapiga simu kutoka kwetu.

Sasa picha yenyewe

Kama pesa imeisha mchana, zile dakika za jioni ni zako. Zitumie hivi.

Kabla jua halijatua, usiweke timu na jua nyuma yao, nyuso zitakuwa nyeusi. Pia usiwafanye walitazame moja kwa moja, watafumba macho. Jua liwe ubavuni. Likishajificha tu, kama bado mpo, badilisha: timu itazame magharibi, mpiga picha ayape mgongo magharibi. Anga la upande huo linabaki kama taa moja kubwa isiyoumiza macho, na inamulika nyuso zote sawasawa.

Vumbi la Isiolo linajulikana. Futa lenzi kwa kitambaa laini na kisafi kabla ya kila picha. Waambie watoto wasikimbie mbele ya safu, wakitimua vumbi litang'aa na kufunika nyuso.

Kwa simu: usivute picha kwa zumu, sogea karibu. Gusa uso wa mchezaji wa katikati kwenye skrini, ndio simu ipime mwanga wa nyuso na si wa anga. Ishike kwa mikono miwili au iegemeze kwenye mlingoti wa goli. Flashi ya simu inafika mita chache tu, haiwezi kumulika timu nzima, na taa ya bodaboda inaleta vivuli vikali. Bora uwahi mwanga.

Kwa kamera: weka kasi ya shata isiwe chini ya 1/125, watoto hawatulii. Fungua lenzi kama f/5.6 ili safu ya mbele na ya nyuma zote zikae wazi, halafu pandisha ISO mpaka 1600 au hata 3200. Picha yenye chembechembe kidogo inaprintika, lakini iliyotikisika haina dawa.

Jezi nyeupe na hijabu nyeupe zinaidanganya kamera, inadhani kuna mwanga mwingi na inatia nyuso giza. Pima mwanga usoni. Na tukiwa hapo: FIFA na bodi ya sheria za soka waliruhusu rasmi vazi la kichwa uwanjani mwaka 2014, kwa hivyo hakuna sababu ya kumwambia msichana avue hijabu ili picha "ifanane".

Piga angalau picha tano mfululizo. Kwenye watoto 16, hakosekani aliyefumba macho.

Mtoto ambaye hajalipiwa

Hili tunalisema bila kuzunguka. Mtoto ambaye mzazi wake hajalipa anasimama kwenye picha pamoja na wenzake. Anayelipa analipia nakala, halipii nafasi ya kusimama na timu yake. Ukiwaita waliolipa peke yao mbele ya uwanja mzima, umemfundisha mtoto wa miaka kumi kwamba magoli yake hayahesabiki kwa sababu mvua haikunyesha na mbuzi hawakuuzwa.

Kwa hesabu, ni rahisi: idadi ya nakala ifuate malipo, idadi ya watoto kwenye picha ifuate timu. Mzazi akipata pesa mwezi ujao, nakala yake itaprintiwa, picha bado ipo. Wakati mwingine wazazi wenyewe huongezea shilingi ishirini ishirini na nakala za wawili watatu zinapatikana kimyakimya.

Ndio maana pia orodha ya "waliolipa na wasiolipa" haifai kubandikwa kwenye grupu la WhatsApp. Tuma jumla tu: "Tumepokea 1,950, bado 450." Anayebaki atajijua, na mweka hazina anaweza kumpigia faragha.

Ruhusa kwanza, kupost baadaye

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha yake ni data. Sheria hii ina meno. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ruhusa ya wazazi.

Kwa hivyo, ile meseji ya kuomba pesa iulize pia: "Unakubali picha ya mtoto iwekwe mtandaoni? Ndio au hapana." Weka majibu. Kukubali kununua nakala si kukubali Facebook. Kama hata mzazi mmoja amekataa, ile picha ya pamoja ibaki ya nyumbani.

Siku ya mechi, kabla hujatoka nyumbani, jiulize haya

Orodha ya jezi imekamilika kwenye daftari? Mpiga picha amepata malipo ya awali? Ruhusa za wazazi ziko? Simu imechajiwa, lenzi imefutwa? Unajua leo jua linatua saa ngapi?

Kama yote ni ndio, filimbi ya mwisho ikilia weka simu ya pesa mfukoni. Mwite kila mtoto, wafupi mbele, warefu nyuma, na umalize kabla ya adhana.