MLIMA UKIANZA KUTEREMKA

Katika masomo ya Jiografia twasoma habari za milima ya Alps, huko Ulaya, ambako theluji iliyorundikana mtelemkoni huachia ghafula, ikashuka kwa kishindo na kuwafukia wapitao. Mwanafunzi wa Ubaruku, aliyezoea tambarare ya Usangu na majaruba yake ya mpunga, aweza kudhani kwamba jambo hilo halimhusu. Lakini wako wenzetu ambao kwao ni Rungwe, Mbeya au Makete, nao hurudi milimani mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zimekwisha anza. Milima hiyo haina theluji, bali ina udongo na mawe, na vitu hivyo navyo hushuka.

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, ilimeguka. Matope, mawe na magogo yalishuka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Tarehe 14 Aprili, 2024, udongo wa Mlima Kawetere ulishuka katika Kata ya Itezi, jijini Mbeya, ukafukia nyumba na majengo ya shule. Kwa bahati njema, huko hakufa mtu.

Je, mlima uliosimama miaka mingi huanguka kwa nini? Tazama tuta la jaruba. Likiwa na unyevu kidogo, chembe za udongo hushikana, nalo husimama imara. Likilowa kupita kiasi, maji hujaza nafasi zote zilizo kati ya chembe, yakazisukuma ziachane, na tuta likabomoka. Mlimani ni vivyo hivyo, ila uzito ni mkubwa zaidi. Tena mahali penye udongo laini juu ya mwamba mgumu, maji hukwama hapo kati, pakawa utelezi. Mizizi ya miti husaidia kuushika udongo. Basi anayefyeka miti, au anayechimba mtelemko ili apate kiwanja, huufungulia mlima njia.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mlima nao una dalili zake. Nyufa mpya ardhini. Miti au nguzo zilizoanza kuinama. Milango isiyofungika kama zamani. Chemchemi inayotokea mahali pasipokuwa na maji. Mto unaogeuka tope au kupungua ghafula ingali mvua yanyesha. Na ngurumo itokayo ardhini. Uonapo mojawapo, usingoje ya pili. Waondoe watu, kisha umwarifu mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa.

Msafiri wa milimani hana budi kushika mambo haya. Kwanza, asikilize taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka. Pili, baada ya mvua kubwa angoje, maana mtelemko waweza kuanguka hata mvua ikiwa imekatika. Tatu, asipumzike wala kulala ndani ya korongo au mdomoni mwake, kwa sababu ndiyo njia ya matope. Nne, mahali pa hatari wenzi wavuke mmoja mmoja, na waliobaki wautazame mlima. Tano, udongo ukishuka, akimbilie upande, mahali palipoinuka, wala asikimbie kuteremka mbele yake, kwani matope humshinda mbio.

Hata mawe peke yake huua. Mwezi wa Januari, 2006, wapandaji watatu kutoka Marekani waliuawa na mawe yaliyoporomoka kwenye njia ya Western Breach, katika Mlima Kilimanjaro. Usiku barafu huyashika mawe, na jua likipanda huyaachia. Ndiyo maana watu hushauriwa kupita hapo mapema, jua lingali chini.

Wasomaji, likizo ina siku nyingi. Anayechelewa siku moja kwa kuiogopa njia mbaya atafika nyumbani siku ya pili, na wazazi wake watampokea. Mkifika, waelezeni wadogo zenu na majirani dalili tulizozitaja hapa, ili nao wajue la kufanya siku mlima utakapoonya.