Ngombe ni wa nyumba nzima, mama naye ahesabiwe

Kwetu Tanganyika, ukisema ngombe, watu wanawaza nyanda za juu za Marungu, upande wa Pepa, teritware ya Moba. Wanawaza mchungaji na fimbo yake. Wachache ndio wanawaza mama.

Na kumbe mama ndiye anapika maziwa na kuangalia ndama nyumbani. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuona kama maziwa yamepunguka ao ngombe ametupa mimba. Asikilizwe! Kutupa mimba kunaweza kuwa dalili ya brusela, ugonjwa unaopita kwa mtu kupitia maziwa mabichi. Chemsheni maziwa, musishike mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, na mumuite veterineri.

Mama akisema peke yake, sauti haifiki mbali. Ndiyo sababu ya vilabu. Vilabu vya Dimitra vya FAO, vilivyoanza Kivu Kusini, vimefika mpaka jimboni kwetu. Wamama, wababa na vijana wanachagua tatizo moja na kutafuta namna ya kulimaliza kwa nguvu zao wenyewe. Katika vijiji vilivyoumizwa na vita kati ya Batwa na Baluba, vilabu hivi vimesaidia watu kukaa tena pamoja.

Sanduku ya funguo tatu

Ndugu ya kilabu ni AVEC, chama cha kuweka na kukopa. Wanachama ni 15 mpaka 25. Kila mkutano, mtu ananunua hisa 1 mpaka 5. Sanduku ina kufuli 3, na kila ufunguo uko kwa mtu wake. Kuna pia mfuko wa kusaidiana kwa ugonjwa na kilio. Mwisho wa mwaka wanagawana.

Hapo ngombe anaingiaje? Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari inaomba makuta. Septemba ikifika, nyumba isiyo na akiba inapeleka ngombe sokoni, na mnunuzi anajua muuzaji ana haraka. Mama akikopa AVEC, ngombe anabaki kwenye majani mpaka karibu na Noeli na Bonane, wakati nyama inatafutwa. Lakini mkopeshane kwa kipimo: ngombe anaweza kufa, deni halifi.

Sheria nayo imebadilika. Tangu Julai 2016, Kode ya Familia haimuombi tena mama aliyeolewa ruhusa ya bwana yake ili afanye mkataba. Inataka bibi na bwana wasikilizane, wote wawili.

Kwa mkutano wenu ujao

Fungueni daftari la koperative na mjiulize:
– Wamama wangapi wameandikwa kwa jina lao wenyewe?
– Ngombe akiuzwa, bibi alijua bei mbele?
– Nani kati ya wamama ana namba ya simu ya veterineri?

Kama majibu yanaleta kimya, kazi ya kilabu chenu imeshapatikana.