Chakula cha Moyo na Utani wa Barazani

Leo sitaanza na ugonjwa. Nitaanza na swali dogo. Ukiwa umechoka, umeudhiwa kazini, au mvua inanyesha na mfukoni hamna kitu, roho yako hutamani chakula gani? Na ni chakula gani ambacho hata ukilipwa hukili?

Ukitaka kuona watu wazima wakibishana kama watoto, liulize swali hili barazani. Hapa kwetu Kibarani, jioni watu wakirudi makwao kwa daraja la Makupa, kuna benchi moja karibu na karai la viazi. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na hupita hapo nikitoka kuwatembelea wagonjwa majumbani. Utani wenyewe huwa hivi:

“Mbaazi za nazi na mahamri, basi! Mengine yote ni kujaza tumbo tu.”

“Mahamri gani! Hujaonja muhogo wa nazi wewe, na samaki wa kukaanga pembeni.”

“Nyote hamjui kula. Leteni omena na sima ngumu.”

“Omena! Macho yote yale yanakutazama kutoka kwenye sahani, huoni haya?”

“Afadhali macho ya omena kuliko bamia. Ile si mboga, ni gundi.”

“Na mchunga je? Mchungu kama dawa ya malaria!”

“Wewe mla papa mkavu nyamaza. Ukipika wewe, mtaa mzima hufunga madirisha.”

Basi hapo ni kicheko na kupigana makofi ya mgongo. Aliyetoka Kisumu hutetea omena, aliyetoka Kaloleni hutetea mchunga, na wa Mji wa Kale husema hakuna anayejua kupika ila mamake. Utani huu ni mzuri. Watu wanaocheka pamoja hujuliana hali. Lakini leo nataka nikueleze jinsi utani huohuo unavyoweza kumgharimu mtu kiungo cha mwili wake, na jinsi unavyoweza kumwokoa.

KWA NINI TUNAPENDA TUNACHOPENDA?

Kwanza, harufu. Harufu ya iliki katika mahamri hupita puani na kufika haraka katika sehemu za ubongo zinazohifadhi kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana mtu mzima wa miaka 50 akinusa mahamri ya moto humkumbuka nyanyake aliyefariki zamani. Kwake yeye kile si chakula tu. Ni mtu, ni nyumba, ni siku za amani. Mimi hukiita chakula cha moyo.

Pili, mazoea. Ladha za vyakula anavyokula mama mjamzito humfikia mtoto katika yale maji yanayomzunguka tumboni, na baadaye katika maziwa ya mama. Mtoto huzaliwa ameshaanza kujifunza ladha za jikoni kwao. Na mtoto akikataa mboga leo, si kwamba ameikataa milele. Huenda ukahitaji kumpa mara 10 au zaidi, kidogo kidogo bila kumlazimisha, ndipo aizoee.

Tatu, ulimi hufundishika hata kwa watu wazima. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba chakula kikubwa cha wenyeji kilikuwa ndizi na samaki. Sima ya mahindi haikuwako. Viazi karai havikuwako. Muhogo haukuwako. Mimea hiyo mitatu asili yake ni bara la Amerika, na ilifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kuja mwaka 1498. Leo ukimwambia mtu wa Kibarani kwamba viazi karai ni vya kigeni, atakufukuza barazani. Kumbe ulimi wa Mombasa umewahi kubadilika, na unaweza kubadilika tena.

MZEE MAHAMRI

Pale barazani palikuwa na mzee mmoja, dereva wa tuktuk, aliyeitwa na wenzake Mzee Mahamri. Unajua sababu. Ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, na ndiye aliyekuwa akiwanunulia wenzake.

Mzee huyu alipimwa akakutwa na ugonjwa wa sukari. Alipokuja kliniki, mimi ndiye niliyempa mafunzo ya chakula. Nilikuwa na foleni ndefu nje, kwa hiyo nikamsomea orodha: usile mahamri, usile viazi karai, usile wali wa nazi, usinywe chai ya sukari, usile halua. Akaitikia, “Sawa sista.” Akaondoka.

Jioni ile alipopewa sahani barazani akaikataa. Wenzake wakamrukia. “Mzee Mahamri anakataa mahamri? Leo jua limetoka magharibi!” “Au mama watoto amekupimia chakula?” Yeye hakutaka kusema kwamba anaumwa. Alicheka, akala matatu. Kliniki hakurudi tena.

Baada ya miezi mingi niliitwa nyumbani kwake. Kandambili ilikuwa imemchubua kidole cha mguu, naye hakuhisi chochote, maana sukari ilikuwa imeshaharibu mishipa ya fahamu. Kidonda kilikuwa kimeoza. Hospitali wakamkata kidole ili kuuokoa mguu.

Nilipokwenda kumfunga kidonda, aliniambia neno ambalo sijalisahau: “Sista, ulininyang'anya kila kitu ninachokipenda. Hukuniachia hata kimoja.”

Nilinyamaza, maana alikuwa amesema kweli. Wenzake walikosea kwa kutojua. Mimi nilikosea nikijua. Tangu siku hiyo simpi mgonjwa orodha ya “usile” kabla sijamuuliza, “Unapenda nini, na hukila na nani?”

SUKARI INAFANYAJE KAZI?

Msikilizaji, tuelewane hapa. Mahamri, sima, wali, viazi na muhogo vyote ni vyakula vya wanga. Ukila wanga, tumboni hugeuka sukari na kuingia katika damu. Hapo kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo. Insulini hufungua chembe za mwili ili sukari iingie na kutupatia nguvu. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari, ama funguo ni chache, ama kufuli zimeshika kutu. Sukari hubaki katika damu, na ikikaa humo miaka mingi huharibu mishipa ya damu na ya fahamu katika macho, figo na miguu.

Kwa hiyo kosa si mahamri peke yake. Mtu anayeacha mahamri kisha akala mlima wa sima hajafanya kitu. Jambo la kuangalia ni kiasi gani, mara ngapi, na pamoja na nini.

CHAKULA CHAKO KIPO, TUKITENGENEZE

Mbaazi na mahamri. Mbaazi ni rafiki yako. Zina protini, na zina nyuzinyuzi ambazo hufanya sukari iingie katika damu polepole. Geuza hesabu: badala ya mahamri manne na mbaazi kidogo, kula hamri moja na bakuli la mbaazi. Tui lisiwe zito kila siku, maana nazi ina mafuta mengi. Na mahamri yasiwe ya kila asubuhi.

Viazi karai. Weka siku yake katika wiki, na kula viwili au vitatu, si sahani nzima. Tazama mafuta ya karai. Yakiwa meusi na yanatoa moshi, yametumika mara nyingi mno. Nenda kwa muuzaji mwingine. Ukwaju hauna neno, ila uliza kama umetiwa sukari na chumvi nyingi.

Papa mkavu na ng'onda. Hapa tahadhari ni chumvi na presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula. Loweka samaki, mwaga maji, loweka tena, mwaga. Kisha usitie chumvi nyingine. Ukipunguza chumvi polepole, baada ya wiki chache ulimi huzoea, na chakula cha zamani utakiona kimezidi.

Chai. Kijiko kimoja cha chai kina gramu 4 hivi za sukari. Ukinywa vikombe vinne vyenye vijiko vitatu vitatu, hivyo ni vijiko 12. Kwa mtu mzima wa kawaida huo tayari ndio mwisho wa sukari ya kuongeza kwa siku nzima, na ni bora zaidi isizidi vijiko 6. Soda moja ya mililita 300 peke yake ina kama vijiko 8. Kwa chai, zidisha tangawizi na iliki, punguza nusu kijiko kila wiki.

Omena, bamia na mchunga. Hivi mnavyovicheka, mimi navitetea! Omena huliwa na mifupa yake, kwa hiyo humpa mtu madini ya kuimarisha mifupa. Bamia na mboga za majani zina nyuzinyuzi. Ukipakua chakula chako, nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wanga, na robo iwe samaki, kuku, maharagwe au mbaazi.

MTU ANAPOSEMA “NIMESHIBA”

Sasa turudi barazani. Mwenzako akikataa chakula, usimlazimishe na usimuulize mbele za watu kwa nini. Huenda ana sukari, huenda ana presha, huenda ana vidonda vya tumbo. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, karibu robo ya watu wazima nchini Kenya walikutwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Kwa hiyo kwenye benchi la watu wanane, yumkini wawili wana presha, na mmoja wao labda hata hajijui.

Tania chakula, usimtanie mtu kwa afya yake. Sema bamia ni gundi, hakuna atakayeumia. Lakini ukisema “fulani amekuwa mgonjwa, hali tena nasi,” umemfukuza kliniki bila kujua.

Nawe mwenye ugonjwa, mwambie mtu mmoja tu unayemwamini. Mmoja anatosha kukusaidia kuikataa sahani ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo kila rafiki wa mgonjwa wa sukari alijue. Mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya sukari, akikosa mlo, sukari inaweza kushuka ghafla. Utamwona anatetemeka, anatoka jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka kama mlevi. Hapo usimcheke. Mpe haraka vijiko vitatu au vinne vya sukari katika nusu glasi ya maji, au nusu ya soda ya kawaida, kisha ale chakula. Soda ile niliyoikemea sasa hivi, hapo ndiyo dawa. Lakini akiwa amezimia, usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

KUMBUKA

Usiache dawa kwa sababu umebadilisha chakula. Kagua miguu yako kila siku, juu na chini na katikati ya vidole, na uvae kiatu kisichochubua. Kapime presha na sukari hata kama hujisikii vibaya. Tangu mwaka 2023, wahudumu wa afya ya jamii wanaopita majumbani wamepewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Akibisha hodi, mkaribishe.

Mzee Mahamri bado anakuja barazani. Hutembea taratibu, na amevaa viatu vya kufunika. Wenzake sasa wanajua. Sahani yake huja na mbaazi nyingi na hamri moja, na mama wa mbaazi humpakulia hivyo bila kuambiwa. Jina lake hawajalibadilisha, na yeye hataki walibadilishe. Juzi nilipopita alinipigia kelele, “Sista, njoo uhesabu! Ni moja tu!” Benchi zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Kidole hakitarudi, lakini kliniki anakuja kila mwezi.

Na wewe msikilizaji, leo jioni ukikaa na wenzako, waulize lile swali letu la mwanzo. Cheka nao. Kisha mtazame yule aliyeikataa sahani, umsogelee, umuulize hali yake kwa sauti ya chini.

Hadi kipindi kijacho, mimi muuguzi wako nasema kula vizuri, na umwachie mwenzako naye ale vizuri. Kwaheri.