Miguu inaporuka yenyewe baada ya ganzi ya mgongo

Kutetemeka ni jambo la kawaida kwa mama anayejifungua kwa upasuaji akiwa amechomwa sindano ya ganzi mgongoni. Ganzi hutanua mishipa ya damu, joto la mwili hupotea, meno yakaanza kugongana. Muuguzi huongeza blanketi, basi. Linaloshtua ni jingine, nalo ni nadra: miguu kuruka-ruka kwa ghafla, mama yuko macho, anaiona, hawezi kuizuia.

Madaktari huiita mayoklonasi ya uti wa mgongo. Mara nyingi hutokea saa chache baada ya upasuaji, ganzi inapoanza kuachia. Inadhaniwa kwamba bupivakeini, dawa inayotumika sana kwa ganzi hii, huwa bado imezilaza neva za kutuliza misuli ilhali zile za kuisukuma zimeshaamka. Misuli inabaki kama gari lisilo na breki mteremkoni. Kwa kawaida hali hiyo huisha yenyewe, na midazolamu au diazepamu kidogo huituliza.

Lakini kwanza daktari aondoe mashaka. Kifafa cha mimba, ambacho huweza kumpata mama hata akishajifungua, humpotezea fahamu, na dawa yake ya kwanza ni magnesiamu salfeti. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, nayo huweza kupinda shingo na kugeuza macho. Ndugu wanaosubiri nje hudhani yote ni kifafa, waelezwe.

Cha kuangalia zaidi ni muda. Miguu ikianza kuruka dakika chache tu baada ya sindano, mama akilalamika maumivu makali ya mgongo na makalio, na ganzi haijashika, mtaalamu wa usingizi anapaswa kuitafuta chupa iliyotumika na kuisoma upya. Huenda iliyodungwa si bupivakeini bali asidi ya traneksamiki. Dawa hii ikipita kwenye mshipa wa damu huokoa mama anayevuja damu. Ikiingizwa mgongoni huzuia kemikali zinazotuliza neva, degedege likafuata; karibu nusu ya wagonjwa walioripotiwa walifariki. Tatizo ni kwamba baadhi ya chupa zake hufanana mno na za bupivakeini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya kosa hili, likataka dawa hiyo itunzwe mbali na dawa za ganzi, ikiwezekana nje ya chumba cha upasuaji, na lebo isomwe kabla dawa haijavutwa kwenye bomba la sindano.