Mbio na Mhuri

Mbio hupimwa kwa saa, bali ruhusa ya kukimbia hupimwa kwa karatasi. Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya, alikwenda Denmark kusoma mwaka 1990. Mwaka 1995, ingawa hakuwa raia bado, aliishindia nchi hiyo mbio za mita 800 katika Mashindano ya Dunia mjini Göteborg. Lakini Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, mwaka 1996, ilimpita. Kanuni yake yadai uraia kamili, naye alikuwa hajaupata. Dhahabu ilitwaliwa kwa dakika 1 na sekunde 42.58. Mwezi mmoja baadaye, huko Rieti, Kipketer alitumia dakika 1 na sekunde 41.83. Mwaka 1997 aliivunja rekodi ya dunia. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe.

Hatusemi sheria ifutwe, maana uraia si shati la kubadilishwa kila asubuhi. Twasema tu kwamba miguu ya kijana haingoji faili. Basi sisi tulioshika mihuri ya watu tujiulize: ni nani anayengoja mlangoni petu leo, na ujana wake wapita?