Kanzidata: Jina la mteja huandikwa mara moja

WATU 15,841 waliokutwa na virusi vya corona nchini Uingereza hawakuingia katika hesabu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020. Chanzo kilikuwa majalada ya Excel ya mfumo wa zamani, yasiyoweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Kwa sababu hiyo, waliokuwa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa.

Jedwali la namna hiyo hupokea lolote linaloandikwa, mpaka linapojaa. Kanzidata, kwa msingi uliowekwa mwaka 1970 na Edgar Codd wa kampuni ya IBM, hugawa taarifa katika majedwali kadhaa yanayounganishwa kwa namba maalumu.

Chukua mfano wa fundi cherehani wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Jina na simu ya mteja huandikwa mara moja. Kila nguo huingia katika jedwali la pili ikiwa na namba ya mteja huyo. Akibadili simu, hurekebishwa mahali pamoja tu. Katika daftari, Mwanaidi huweza kuwa Mwana Idi, kisha Mama Idi, na deni lake likapotea hivi hivi.

Programu kama Microsoft Access, iliyotoka mwaka 1992, au LibreOffice Base isiyolipiwa, humwezesha asiye mtaalamu kujitengenezea fomu zake. Kazi ngumu, kwa kweli, ni kuamua mapema kipi kiandikwe wapi.

Nakala ya akiba nayo ihifadhiwe nje ya kompyuta hiyo, lakini si mikononi mwa yeyote: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inambana anayetunza majina na simu za wateja.