Ada Ikifika kwa Wakati: Maisha ya Mwanafunzi katika Chuo cha Kanisa



Mara kwa mara tunapokea swali hili kutoka parokiani: "Kijana wetu tumemlipia ada ya mwaka mzima, mbona bado anaandika kwamba ana shida?" Swali hili ni la haki. Waumini wamechanga, wafadhili wametuma, na risiti ipo. Katika toleo hili napenda kueleza jinsi mwanafunzi anavyoishi chuoni na wakati gani msaada wenu humfaa zaidi. Ninaeleza kwa kuwa mimi mwenyewe nilisomeshwa na parokia.

Vyuo vyenyewe

Baada ya Uhuru, elimu ya chuo kikuu nchini Tanzania ilikuwa mikononi mwa serikali kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990 makanisa yalianza kufungua vyuo vikuu vyake. Maaskofu Katoliki walianzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998 huko Nyegezi, Mwanza, mahali ambapo Kanisa lilikuwa likitoa mafunzo ya huduma za jamii tangu mwaka 1960. Waanglikana walifungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma, mwaka 2007. Vyuo hivi si seminari. Hupokea wanafunzi wa dini zote na husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu kama vyuo vingine.

Jambo moja lafaa lieleweke. Chuo cha kanisa hutegemea sana ada. Mishahara ya walimu, umeme na maji hulipwa kwa fedha hiyo. Ndiyo maana ofisi ya mhasibu haina mchezo na tarehe.

Siku ya mwanafunzi

Siku yangu ilianza kwa Misa ya saa 12 asubuhi. Saa 2 vipindi vilianza, na aliyechelewa alisikiliza akiwa amesimama. Mhadhiri alipomaliza, maandiko yake aliyaacha steshenari, nasi tulipanga foleni kutoa kopi. Kopi moja ni fedha ndogo, lakini somo moja laweza kuwa na kurasa 80, na muhula mmoja una masomo matano au sita.

Vyumba vya chuo havikututosha. Tulipanga mitaani, watatu chumba kimoja, tukalala mzungu wa nne. Fedha zilipopungua tulipiga "pasi ndefu", yaani kula mara moja tu, saa 10 jioni, ili chakula hicho kiwe cha mchana na cha usiku. Wanafunzi hulisema jambo hili kwa kucheka. Lakini mtu aliyepiga pasi ndefu wiki mbili hasomi vizuri, na malaria ikimpata humwangusha haraka.

Hata hivyo sikuwa peke yangu. Tulikuwa na kwaya, tulikuwa na jumuiya ndogo ndogo ya wanafunzi, na padre mlezi alitujua kwa majina. Nilipougua, wanajumuiya walichanga wakanipeleka zahanati. Mmoja wao alikuwa analala mzungu wa nne kama mimi. Nilijifunza ukarimu kwa watu ambao hawakuwa na kitu, na somo hilo halimo katika cheti changu.

Mlango wa mtihani

Nikiwa mwaka wa pili, mitihani ya muhula wa kwanza ilipangwa kuanza Februari 2006. Parokia yetu, mkoani Ruvuma, ilikuwa imekwisha kukusanya ada yangu tangu mavuno. Fedha ilikuwepo. Ila kamati ilikuwa inakaa kila baada ya miezi mitatu, na kikao cha Desemba kiliahirishwa kwa sababu ya uchaguzi mkuu, kisha ikaja Noeli. Kamati ilikaa mwishoni mwa Januari. Katibu alikwenda benki Songea, akalipa, akaituma stakabadhi kwa basi.

Mtihani wa kwanza ulikuwa Jumatatu. Bila kibali cha mhasibu mtu haingii, na bila stakabadhi hakuna kibali. Nilirudishwa mlangoni, na Jumatano nikarudishwa tena. Stakabadhi ilifika Alhamisi.

Mitihani miwili niliyoikosa niliifanya Septemba, pamoja na wale waliokuwa wanarudia. Kwa hiyo matokeo yangu ya mwaka yalikuja na nafasi mbili tupu. Parokiani yalisomwa kwamba nimefeli. Mama yangu aliambiwa hivyo nje ya kanisa, baada ya Misa, na wajumbe wawili wakapendekeza fedha apewe kijana mwingine. Paroko aliomba wasubiri mpaka Septemba. Walisubiri, nami nikamaliza.

Hakuna aliyekuwa mwovu katika habari hii. Kamati ilikuwa aminifu, na chuo kilifuata utaratibu wake. Fedha ile ile, bila kuongezwa hata shilingi, ingefika Desemba, mama yangu asingeaibishwa.

Fedha huhitajika lini

Mwaka wa masomo huwa na mihula miwili. Muhula wa kwanza kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba, na wa pili huanza karibu na Machi. Mwanzoni mwa kila muhula mwanafunzi hulipa ada, kodi ya chumba, nauli na kopi, vyote kwa pamoja. Muhula wa pili ukiisha, wengi huenda kwenye mafunzo kwa vitendo kwa wiki kadhaa, mara nyingi katika mji ambako hawana ndugu. Mwaka wa mwisho huongeza gharama za utafiti. Gharama hizi mbili ndizo kamati nyingi husahau.

Wengine hudhani Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, imemaliza tatizo. Bodi imesaidia wengi, wakiwemo wa vyuo vya kanisa. Lakini si kila mwombaji hupata, na anayepata huenda asipewe kiasi chote. Tena mkopo ni deni, litakatwa katika mshahara wake.

Kamati ifanye nini?

Kwanza, iombe kalenda ya chuo kabla mwaka haujaanza, na kikao cha ada kipangwe kwa kalenda hiyo.

Pili, iteue mtu mmoja mwenye ruhusa ya kulipa bila kusubiri kikao, mradi fedha imekwisha kupitishwa. Siku hizi malipo yanaweza kufanyika kwa simu, hivyo safari ya benki si kisingizio tena.

Tatu, itenge fungu dogo la chakula na kopi, litumwe kila mwezi. Kidogo kinachofika kila mwezi humsaidia mwanafunzi kuliko kikubwa kinachofika mara moja bila kutarajiwa.

Nne, matokeo yakija na pengo, mwanafunzi aulizwe kwanza kabla ya kuhukumiwa. Naye awajibike kuleta matokeo yake kila muhula na kutoa maelezo ya matumizi.

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja: mkiahidi, mtujulishe na mwezi ambao msaada utafika. Tukijua mwezi, tunaweza kupanga na chuo mapema.

Kamati ambayo bado haina kalenda ya chuo cha mwanafunzi wake, tunaiomba imwandikie leo aitume, kabla ya kikao kijacho.